Maji ya Siku ya Thelathini na Tisa

Maji yaliingia kwenye kopo la bati kwa uzi mwembamba. Veturia alikuwa amefungua bomba kidogo sana, na kopo ameliinamisha ili lisipige kelele, lakini bati ni bati. Lilianza kwa kugonga, likaendelea kwa kuvuma, na lilipokaribia kujaa likanyamaza. Nje bado kulikuwa na giza. Kwenye kitanda cha pili cha chumba cha hoteli, kile cha dirishani, mwanawe Liviu alikuwa akikoroma polepole, anasita kidogo kabla ya kila pumzi, kama alivyokuwa akisita baba yake.

Ilikuwa alfajiri ya thelathini na tisa tangu mumewe, Achim, azikwe. Kila alfajiri, kwa siku thelathini na nane, Veturia alikuwa amechota maji na kumpelekea mtu asiye wa damu yake, bila kuzungumza njiani. Mtu huyo huyanywa, hasemi asante, husema, "Mungu amsamehe Achim," na hapo maji yanakuwa yamefika kule aliko marehemu. Kisha mchotaji hukata alama moja kwenye kijiti. Siku ya arobaini kijiti huwekwa kwenye nusu ya kibuyu pamoja na mshumaa unaowaka, kikaachwa kiende na mto, mbele ya shahidi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya msichana wa jirani. Lakini kwenye jengo lao pale mjini wasichana wote walikuwa wamekwenda Italia kutunza wazee wa watu, kwa hiyo Veturia, na miaka yake sabini na mitatu, alichota mwenyewe na kupanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kwa mama mmoja mshonaji, ambaye siku zote hizo hakuchelewa hata mara moja kumfungulia mlango.

Wengine hufanya hivyo kwa sababu ndiyo desturi. Veturia alikuwa na sababu yake. Achim alikufa na kiu. Koo lake lilikuwa limeacha kumeza, na kila alichokunywa kilishukia mapafuni. Muuguzi, binti mpole, alimweleza Veturia jambo hilo mara mbili, taratibu, akampa pamba ya kumlowanishia midomo. Achim aliomba kwa macho siku nzima, na jioni akapata sauti. "Vetu," alisema, "nipe funda moja tu." Naye alimjibu kama mtu anavyomjibu mtoto: kesho. Achim hakuifikia kesho.

Liviu alifika kutoka Italia siku moja baada ya mazishi. Alikaa siku tatu, akarudi kwenye kazi yake ya kuweka vigae, na sasa alikuwa amekuja tena kwa ajili ya arobaini, akiwa na gari la kukodi na wazo lake. Wazo lilikuwa hoteli ya mtoni, siku mbili, mama asishike hata kijiko. Alitegemea kwamba mama angekataa, na alikuwa amejiandaa kumbembeleza. Veturia alikubali palepale. Hoteli ile ilijengwa kwenye mteremko juu ya Ogărița, kijiji alikozaliwa Achim, ambacho kilizama miaka hamsini iliyopita lilipojengwa bwawa na mto Danubi ukapanda. Hakutaka kukiachia kibuyu mahali pengine popote. Alifunga mzigo wake, na chini ya sweta akaweka kijiti, kibuyu, mshumaa na kisu kidogo cha Achim.

Hakumwambia Liviu. Kati ya baba na mwana neno maji lilikuwa kama jipu, haliguswi. Miaka kumi na miwili nyuma, siku Liviu alipoondoka kwenda Italia, Achim alisimama mlangoni akasema, "Basi nimejua. Nikizeeka sina wa kunipa maji." Tangu hapo hakushika tena simu. Simu ikilia Jumapili alikwenda kusimama kwenye roshani na kuangalia magari, na Veturia alizungumza kwa sauti kubwa kidogo ili naye asikie habari za mwanawe.

Jioni waliyofika, Veturia alikuwa ameshuka jikoni kumtafuta mtu wa kuyapokea maji. Alimkuta Saveta, mpishi wa chakula cha asubuhi, mwanamke wa rika lake, mwenye mikono mipana. Saveta aliona kitambaa cheusi kichwani mwa mgeni, akafuta mikono kabla hata hajaulizwa. Alisema mlango wa jikoni hufunguliwa saa kumi na moja, na kwamba hatatia kitu mdomoni, hata kahawa, mpaka maji ya Achim yafike.

Sasa Veturia aliweka kopo lililojaa juu ya meza, akarudi bafuni kufunga kitambaa chake penye taa. Hakuchukua muda. Alipotoka, Liviu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho nusu yamefumba, kopo limeinuka mdomoni mpaka tone la mwisho.

"Koo lilikuwa limenikauka, Mama," alisema. "Asante." Akajilaza tena, na usingizi ukamchukua palepale.

Veturia alisimama na kulitazama kopo. Maji ya alfajiri mchotaji huyachota mara moja tu. Ndugu wa damu hayapokei. Na asante haisemwi, kwa sababu asante huyafanya maji kuwa ya mnywaji, basi. Kosa moja angeweza kuliombea. Haya yalikuwa matatu, na hakuna aliyekuwa na hatia. Alimfunika mwanawe shuka mabegani, akashuka na kopo tupu.

Saveta alikuwa ameketi karibu na jiko. Kahawa yake ilikuwa imeiva na kupoa, haijaguswa. Alitazama ndani ya kopo, kisha akatazama uso wa Veturia, akavuta kiti. Veturia alimweleza yote kwa maneno machache. Saveta hakusema, "Si kitu." Hakusema, "Mungu anaelewa." Alipasha kahawa moto, akaigawa kwenye vikombe viwili, akasubiri mpaka mwenzake anywe kwanza.

"Leo usikate kijiti, dada," alisema mwishowe. "Siku ni siku tatu kasoro moja ukiihesabu vibaya. Tuache tuone."

Veturia hakuelewa hesabu hiyo, na Saveta mwenyewe hakuielewa vizuri, lakini ilimfaa kusikia mtu akisema "tuone".

Mchana ulikuwa wa matembezi. Liviu alikuwa amepanga yote: boti ya kupita kwenye magenge ya mto, sura ya mfalme iliyochongwa mwambani, monasteri, mlo wa samaki. Alimletea mama mto wa kukalia, akamfunga blanketi la hoteli miguuni mpaka watalii wengine wakatabasamu. Kila baada ya muda aliuliza kama anaona baridi. Veturia alisema haoni. Moyoni alikuwa akihesabu: thelathini na nane, na kesho moja, ni thelathini na tisa. Kesho saa nne wanaondoka, na keshokutwa ndege ya Liviu. Maji moja yatapungua, na mtu aliyekufa na kiu ndiye atakayepunguziwa.

Mwenye boti aliitwa Trifu. Alikuwa mtu wa maneno, kofia imemwangukia nyusi, anaishi peke yake kwenye kibanda cha gatini. Aliwaambia abiria kwamba watu wa ng'ambo, Waserbia, wako nyuma saa nzima, kwa hiyo ukichelewa chakula cha mchana huku unavuka tu na kukikuta cha moto. Walipofika penye mwamba aliwaonyesha pua ya mfalme, ambayo maji ya mvua yameiachia michirizi.

"Ana mafua huyu tangu wamalize kumchonga," Trifu alisema. "Wamempa pua yenye ukubwa wa nyumba, hakuna aliyefikiria leso."

Liviu alicheka, na kicheko chake kikamchoma Veturia, maana kilikuwa kicheko cha Achim wa zamani, kabla ya roshani.

Monasterini waliingia na mishumaa. Mule kama kila mahali kuna sehemu mbili za kuisimamisha, upande huu wa walio hai, upande ule wa waliokufa. Liviu aliwasha wake akakaa nao mkononi mpaka nta ikamdondokea kidole, kisha akausimamisha. Alikuwa ameuweka upande wa walio hai. Veturia alingoja kidogo, akauchukua, akaukinga mwali kwa kiganja, akauhamishia upande wa pili karibu na wake. Liviu aliona.

"Sijazoea, Mama," alisema.

Walitoka nje, wakasimama kwenye ukuta wa mtoni. Liviu alimrekebishia kola ya koti, ingawa haikuwa imeharibika.

Wakati wa kurudi, Trifu alizima injini mbele ya hoteli, karibu na ukingo. Aliwaambia abiria kwamba hapa chini ndipo Ogărița ilipo, na kwamba nyumba za juu za kijiji haziko mbali sana na uso wa maji. Akaonyesha mahali kwa kidole. Pale, alisema, ni kwenye kisima cha kina Dobrin. Wavuvi wanakijua mpaka leo, kwa sababu chemchemi yake haikujua kwamba bwawa limejengwa, imeendelea tu kusukuma, na siku za joto samaki hukaa juu yake wakipata ubaridi.

Trifu hakujua kwamba Dobrin ni jina lililoandikwa kwenye kitambulisho cha yule mama mwenye blanketi. Liviu hakumwambia. Alikunja mkono wa shati na kuutumbukiza mkono mtoni mpaka kwenye kiwiko.

"Unasikia baridi?" Trifu aliuliza.

"Nasikia," alisema Liviu. Ulikuwa mwezi wa tano, na mto wote ulikuwa baridi. Lakini aliuacha mkono humo mpaka injini ilipowaka.

Jioni walikaa barazani, jua likiwa bado kwenye vilima vya ng'ambo. Liviu aliagiza ugali wa mahindi na jibini, na samaki, na mvinyo ambao hakuugusa. Alimtazama mama yake akimkatakata samaki vipande vidogo ambavyo havikupanda mdomoni. Kisha akaweka uma chini, akasema kwamba yule mpishi wa asubuhi alipomletea mayai alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevunja kitu asichokijua thamani yake.

"Asubuhi nilikosea nini, Mama?"

Veturia alifikiria kumdanganya. Alikuwa hodari wa hilo. Miaka kumi na miwili alikuwa akimwambia Liviu kwamba baba yake yuko bafuni, au amelala, au anamsalimu. Lakini alikuwa amechoka, na mwana alikuwa ameuliza kwa sauti ya chini. Akamweleza. Alimweleza maji, kijiti, na mshonaji wa ghorofa ya nne. Kisha, kwa sababu bila hilo mengine yote yangeonekana ni ushamba wa bibi kizee tu, akamweleza jioni ile hospitalini. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Aliniomba funda moja," alisema. "Nikamwambia kesho."

Liviu aliisukuma sahani pembeni. Mhudumu alikuja, akaona nyuso zao, akaondoka bila kuondoa sahani, na Veturia alimshukuru moyoni.

"Alisema hana wa kumpa maji," Liviu alisema. "Na mimi nimekuja kutoka kote huko nikayanywa yake."

"Hukujua, mwanangu."

"Hata yeye sasa hajui kwamba sikujua."

Veturia alichukua mkate, akaumega, akampa kipande, naye akakishika bila kula. Baadaye Liviu aliuliza kama lipo la kufanya. Veturia akamwambia halipo, kwa kuwa mchotaji huchota mara moja tu kwa alfajiri, na alfajiri iliyobaki ni moja.

"Ni mara moja kwa mchotaji?"

"Kwa mchotaji."

"Na ndugu wa damu haruhusiwi kuyapokea. Je, kuyachota?"

"Kuchota anaruhusiwa. Katazo ni la mnywaji tu."

"Basi tuko wawili, Mama," alisema Liviu.

Veturia alimtazama. Lilikuwa jambo dogo, jepesi, ambalo mtoto yeyote angelifikia, na yeye mchana kutwa hakulifikia. Alikuwa amezoea mno kujihesabu mmoja.

Alfajiri ya arobaini bomba lililia mara mbili. Kopo la bati lilikuwa la Veturia. Liviu alipewa bilauri ya udongo ambayo Saveta aliileta mwenyewe jioni ile alipoelezwa, akisema ilikuwa ya mumewe na haijawahi kushika pombe, au kama ilishika, yeye hakuona. Mama alimkumbusha mwanawe kwa ishara kwamba njiani hakuna kuzungumza. Yeye akashika njia ya jikoni. Liviu alishuka kuelekea gatini.

Saveta alimpokea Veturia amesimama. Alikunywa yote, taratibu, akasema, "Mungu amsamehe Achim." Kisha wote wawili wakaenda kwenye dirisha la jikoni, ambalo linatazama mto.

Walimwona Liviu akishuka ngazi za mawe. Mwanamume wa miaka arobaini na moja, mabega ya mtu wa kazi, anatembea kama aliyebeba mtoto mchanga aliyelala, macho kwenye bilauri, akipapasa kila ngazi kwa mguu. Trifu alitoka kibandani. Waliona Liviu akimwambia kitu, naye akivua kofia. Alipokea bilauri kwa mikono miwili, akainua kichwa, akanywa, na midomo yake ikasogea. Halafu akauliza kitu, na Liviu akajibu kwa neno moja.

Baadaye Liviu aliwaambia alichoulizwa. Trifu alikuwa amemwuliza, Achim wa nani? Naye akajibu, Dobrin. Trifu hakufanya mzaha wowote. Aligeuka kuelekea pale alipopaonyesha jana, akavaa kofia, akaenda kuifunga boti yake mbali zaidi ili isiwazibie njia.

Wanawake waliposhuka gatini, Veturia alitoa kisu cha Achim. Alikata alama yake, akampa Liviu kisu na kijiti, naye akakata ya kwake. Ilitoka ndefu na ya kina kuliko nyingine zote. Zikatimia arobaini. Waliweka kijiti ndani ya nusu ya kibuyu, na kipande cha mkate, na mshumaa, na Veturia akapiga magoti kwenye mbao akakiacha mtoni. Kiliyumba, kikakaa sawa, kikashika mkondo.

Shahidi huulizwa mara tatu. Saveta alisimama na aproni yake nyeupe, mikono ameifumbata tumboni.

"Saveta, umeona kwamba nimempa Achim maji?"

"Nimeona."

Kibuyu kilipita penye kisima. Mwali ulikuwa mdogo lakini umesimama.

"Saveta, umeona?"

"Nimeona, dada."

Ndipo tishari la kubeba makaa likatokea kwenye kona ya mto, refu, taa zake bado zinawaka, likapita katikati bila haraka. Hakuna aliyelifikiria. Lilipokwisha kupita, mawimbi yake yakaja kuelekea ukingoni, moja baada ya jingine, ya kawaida tu, ya kila siku. La kwanza likakiinua kibuyu. La pili likakipindua. Mwali ukazimika, na kijiti kikaonekana mara moja kati ya povu, kisha hakikuonekana.

Liviu alipiga hatua kama anayetaka kuingia majini kwa viatu. Trifu alimshika mkono wa koti, si kwa nguvu, akauacha mkono wake hapo.

Swali la tatu lilikuwa bado. Veturia alilisema akiwa bado amepiga magoti.

"Saveta. Umeona?"

Saveta alikuwa akitazama palepale walipokuwa wakitazama wote, na macho yake yalikuwa mazima.

"Nimeona," alisema. "Amepokea."

Veturia hakumwuliza ameona nini. Aliinama, akachota maji ya mto kwa kiganja na kuyamwaga taratibu, mahali pale pale, mara moja, funda moja. Kesho ile aliyomwahidi Achim ilikuwa imefika na kupita zamani, naye alilijua hilo. Lakini aliyachota. Nyuma yake alimsikia mwanawe akilia kwa namna ya watu wa kwao, puani, bila kupaza sauti, na hakugeuka, ili amwachie nafasi yake.

Saa nne gari lilikuwa tayari. Liviu alikwenda kulipa, akarudi, akaweka mizigo, akamsaidia mama kukaa, akamfunga mkanda. Alikuwa amemwambia kwamba mwezi wa nane atakuja tena, na Veturia alikuwa amesema vyema, bila kuuliza tarehe. Trifu aliinua kofia kutoka gatini.

Saveta alitoka mlango wa jikoni na mkate wa moto ndani ya kitambaa. Aliupitisha kwenye dirisha la gari. Veturia alimrudishia bilauri ya udongo, imeoshwa na kufutwa, lakini Saveta akaisukuma irudi, akasema iende na yule kijana, awe na chake cha kunywea huko ugenini.

Liviu aliwasha gari. Saveta hakuondoka dirishani. Yeye mwenyewe, alisema, ndiye aliyemchotea marehemu mumewe, siku zote arobaini, miaka sita iliyopita. Watoto Mungu hakuwapa. Wafanyakazi wa hotelini ni vijana, wanakuja na kuondoka na misimu.

Alikuwa ameshika ukingo wa kioo kwa vidole vyenye unga.

"Uje tena, dada," alisema. "Hata kama huna maji ya mtu. Uje tu, unikute ningali hapa."